Mirathi juu ya mkeka: kisa cha nyumba moja ya Ngamiani, Tanga

Familia hii haikukosa sheikh wala haikukosa hesabu. Sheikh aliikokotoa mirathi yote kwenye karatasi moja, akaisoma barazani, na alichosoma kilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho: mke 63, kila mtoto wa kiume 102, kila mtoto wa kike 51, ami 56, shangazi 28, jumla sehemu 504. Wasikilizaji walishika jambo moja tu, kwamba ami yumo. Toka siku hiyo kila kikao kiliishia palepale. Watoto wakisema ami hana chake kwa kaka yake maadamu watoto wa kiume wapo, tena wawili. Ami akisema anachodai ni haki ya mama yake. Wote walikuwa wanasema kweli, na ndiyo maana ugomvi haukuisha.

Uchambuzi huu unahusu vifaa vilivyotumika baadaye kuifungua hesabu ileile: mbegu za ukwaju, choroko, visoda (vifuniko vya chupa za soda), visahani, uzi na kadibodi. Majina na namba ya barabara vimeachwa, na fedha zimezungushwa ili msomaji aifuate hesabu bila kalkuleta.

Hali ilivyokuwa

Marehemu aliacha mke, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Baba yake alishatangulia. Alikuwa na mdogo wake wa kiume na dada yake mmoja, hao ndio ami na shangazi wa watoto. Mali kubwa ni nyumba ya Kiswahili: korido katikati, fremu mbili za biashara upande wa barabarani, vyumba vinne nyuma ya fremu, na uwani wenye jiko, choo na chumba kimoja kilichoongezwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na shamba dogo la michungwa Muheza, pikipiki na fedha kidogo.

Arobaini ikapita. Eda ya mke, miezi minne na siku kumi, ikaisha. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka neno kugawana. Mtoto mkubwa wa kiume ndiye aliyekuwa anapokea kodi, na mwezi wa nane Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi baada ya ukoo kumpendekeza kwa muhtasari. Mwezi wa tisa bibi, yaani mama wa marehemu, naye akafariki. Kikao cha mkekani kilikaa mwezi wa kumi na moja, wakati miezi minne ambayo msimamizi anapewa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, Fomu Na. V na Na. VI, ilikuwa inakaribia kwisha.

Kosa la karatasi lilikuwa moja. Iliwapanga warithi wote kwenye safu moja, ami chini ya watoto, kana kwamba wote wanamrithi mtu mmoja. Kumbe vifo ni viwili, na mirathi ni mbili, ya pili ikiwa ndani ya ya kwanza. Mafundi wa faradhi, yaani elimu ya kugawa mirathi, huliita jambo hili munasakha, na wanalijua vizuri. Anayepotea ni msikilizaji, kwa sababu 504 haimwonyeshi ilikotoka.

Vifaa na kazi ya kila kimoja

Kanuni ya kwanza ni kwamba kitu kimoja kisibebe maana mbili. Familia nyingi zikijaribu kugawana kwa maharage hukwama hapa: maharage yanaanza yakiwa mafungu, katikati yanageuka kuwa fedha, na mwisho mtu anauliza "haya kumi ni laki ngapi?" na kikao kinarudi mwanzo. Hivyo mbegu ya ukwaju ilikuwa sehemu ya urithi tu. Kisoda kilikuwa Sh 500,000 tu. Njiti ya kiberiti ilikuwa mwezi mmoja tu. Kilichokatazwa ni kubadilishana kazi.

Zilihitajika mbegu za ukwaju 168 na akiba ya thelathini hivi, maana zinaviringika na kuingia kwenye nyufa za mkeka. Visoda vilikuwa 184. Choroko konzi moja. Visahani vya kahawa vilikuwa kumi na kimoja. Watu wengi wangechukua vikombe, na hilo ni kosa dogo lenye madhara makubwa: kikombe kinaficha kilichomo, kisahani kinakionyesha. Mtu asipoona fungu la mwenzake kwa jicho, atalikadiria kwa moyo, na moyo siku hizo hukadiria vibaya.

Kadibodi ilikuwa ya boksi la friji lililopasuliwa na kutandazwa. Nyumba ina mita 12 kwa 9, ikachorwa kwa maka peni kwa kipimo cha sentimita 10 kwa kila mita, ikatoka ramani ya mita 1.2 kwa sentimita 90. Udogo wa ramani huleta taabu: visoda vikibanana, watu hawaoni mpaka wa chumba na chumba. Ukubwa huu unaruhusu watu wanane kukaa kuizunguka na kila mmoja akafikisha mkono.

Mzee mmoja alileta bao lake, kwa nia njema kabisa. Mashimo 32, kete 64, na kila mtu pale anajua kulishika. Lilirudishwa ndani. Bao ni mchezo wa kula kete za mwenzako. Mikono iliyozoea kuhesabu mashimo kwa ajili ya kumvua mtu haiwezi kwa ghafla kuyahesabu kwa ajili ya kumpa. Kwa kikao cha kupanga mbinu za biashara lingefaa sana. Kwa mirathi, hapana.

Uchaguzi wa kitu unategemea jambo linalofikiriwa. Mwaka 1949 Bill Phillips, mtu wa New Zealand, alionyesha pale London School of Economics mashine ya mabomba na matangi aliyoijenga, maji ya rangi yakipita kuonyesha jinsi fedha zinavyozunguka katika uchumi wa nchi. Maji yalimfaa kwa sababu alikuwa anafikiria mtiririko. Mirathi ni mafungu yanayohesabika, kwa hiyo inataka punje. Ukiwaletea warithi maji kwenye glasi, utawapa ubishi mpya wa nani kajaziwa mpaka juu.

Visahani kabla ya mbegu

Kabla ya kitu chochote kuhesabiwa, kila mtu aliwekewa kisahani chake. Katikati kikafunikwa kimoja, hicho ni marehemu. Mke, mama, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, ami, shangazi. Binti wa pili yuko Mombasa, akawa kwenye simu, na kisahani chake kiliwekwa mahali kamera inapokiona. Kisahani cha bibi kiliwekwa pia ingawa bibi ameshazikwa, na hapo pakatokea mnong'ono. Lakini siku marehemu alipokata roho bibi alikuwa hai, na mrithi huhesabiwa kwa siku ile.

Hatua hii haina hesabu na watu huiruka. Ndipo warithi wanapopotelea. Mtoto wa nje ya ndoa, mke wa pili aliyeko mkoa mwingine, mimba, mtu aliyesafiri miaka bila taarifa: kila mmoja ana hukumu yake, wengine wanarithi, wengine hawarithi, wengine fungu lao linashikwa kwanza. Ila suala lao lazima litajwe kabla mbegu hazijamwagwa. Baada ya mafungu kukaa, kumuongeza mtu ni sawa na kumpokonya mwingine.

Kisha uzi mwekundu ukafungwa kutoka kisahani kilichofunikwa kwenda kwa kila mrithi. Kati ya marehemu na ami pakawekwa kipande cha tofali, vilevile kati yake na shangazi, na uzi ukaishia kwenye tofali. Tofali ni wale watoto wa kiume wawili: wapo, basi ndugu wa marehemu wamezuiwa. Watoto walifurahi. Ami hakupinga, alitaka tu uzi mwingine ufungwe kutoka kisahani cha bibi kuja kwake na kwa dada yake. Ukafungwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, pande zote mbili ziliona madai yao yako kwenye mkeka mmoja bila kugongana.

Kisahani cha mwisho kiliwekwa pembeni, nje ya nyuzi zote: kisahani cha maswali. Jambo lolote lenye ubishi wa ukweli, nani alijenga, nani aliahidiwa, nani alikopa, liliandikwa kwenye kipande cha kadibodi na kuwekwa humo. Halijadiliwi mpaka hesabu iishe. Mwendeshaji wa kikao asipokuwa mkali hapa, vifaa vyote vilivyobaki ni mapambo.

Ishirini na nne, kisha mia na sitini na nane

Hesabu ilianza na mbegu 24. Mke ana thumni, moja ya nane, kwa sababu marehemu ana watoto, mama ana sudusi, moja ya sita, kwa sababu hiyohiyo, na 24 ndiyo namba ndogo inayokubali vyote viwili. Mke akachukua 3. Fungu la bibi likawa 4. Zikabaki 17 za watoto, ambao ni asaba, yaani warithi wanaochukua kinachobaki: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Wawili mara mbili ni 4, ongeza 3, vichwa 7.

Mwendeshaji hakusema kwamba 17 haigawanyiki kwa 7. Aliwaachia watoto wagawane. Wakazungusha raundi mbili, zikatoka 14, zikabaki 3 kwenye mkeka, na watu saba wa hesabu wanazitazama. Hapo ndipo yakafanyika mabadilisho: kila mbegu moja iliyo kwenye mkeka, ya kila mtu, irudishwe na mwenyewe apewe saba. Fungu la mke likawa 21, la bibi 28, la watoto 119. Wanaume 34 kila mmoja, wanawake 17 kila mmoja. Jumla 168.

Muhimu ni nani anabadilisha. Mrithi mwenyewe anarudisha moja na kuhesabu saba. Mwendeshaji akishika mbegu, kikao kinageuka kuwa mahubiri, na lawama za matokeo zitakuwa zake. Jambo la pili ni kupanga kwa mistari. Rundo la 34 na rundo la 28 hayatofautiani sana kwa macho. Kwenye mistari ya 17, mwanamume ana mistari miwili na mwanamke mmoja. Kwenye mistari ya 7, mke ana mitatu na bibi minne. Kila mtu aliweza kuhakikisha fungu la jirani bila kuuliza.

Binti wa Mombasa alisema kwenye simu kwamba mstari wake mmoja unaonekana mfupi. Shangazi akamjibu, "Mwanangu, nami wangu utakuwa mfupi, lakini utahesabika." Vifaa haviondoi hisia za namna hiyo na havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Familia ilishaamua kufuata sheria ya Kiislamu, mas-ala ya 2 kwa 1 hayakuwa yanapigiwa kura pale.

Tabia hii ya kubadilisha punje inafanya kazi hata pale mafungu yanapozidi mali. Chukua mwanamke aliyeacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, bila mtoto wala mzazi. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Weka mbegu 6: mume atachukua 3, dada wanataka 4, na mezani zipo 3. Hakuna maelezo yanayoshinda mikono ya dada wawili ikitafuta mbegu ya saba. Suluhu yake, mali ihesabiwe kwa saba badala ya sita ili upungufu uwaguse wote, inatajwa kuwa ilitolewa zama za Khalifa Umar. Al-Khwarizmi wa Baghdad naye, karne ya 9, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake ya aljebra kwa mas-ala ya mirathi na wasia. Anayeona aibu kumwaga punje mkekani kwa ajili ya mirathi ajue wakubwa waliona hesabu hii ni ngumu kiasi cha kuitafutia elimu yake.

Mbegu moja iliyobaki

Ikafika zamu ya bibi. Mbegu zake 28 zilikuwa kwenye kisahani chake, hakuna mkono uliozigusa. Mwendeshaji akamwomba shangazi, kama mkubwa kwa umri, azigawe kwa warithi wa bibi kwa kufuata uzi: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Wajukuu hawaingii, kwa kuwa mtoto wa kiume wa bibi yupo hai; tofali safari hii lilisogezwa upande wao, na walilisogeza wenyewe.

Shangazi akatoa mbili, moja, mbili, moja. Raundi tisa zikamaliza 27. Mbegu moja ikabaki katikati ya kisahani. Mtoto mdogo wa kike akauliza, "Ami, hiyo ni ya nani?" na ami akasema, "Yetu sote wawili, lakini haikatiki." Ukwaju ni mgumu kweli, hata kisu kinateleza. Ikaletwa choroko: kila mbegu ya ukwaju ni choroko tatu. Ile moja ikawa tatu, mbili kwa ami, moja kwa shangazi. Walipobadilisha zote, ami alikuwa na choroko 56 na shangazi 28.

Namba za sheikh hizo, zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii kila mtu aliona zilikotoka. Mbegu za watoto hazikuguswa hata moja. Mistari yao ilikuwa imekaa vilevile wakati ami anahesabu choroko zake kutoka kisahani cha mama yake. Na hapa ndipo karatasi na mkeka vinapoachana. Karatasini lazima wote wavunjwe ili wawe na asili moja, hivyo 168 inazidishwa kwa 3, inakuwa 504, na namba ya kila mtu inabadilika. Mkekani anavunjwa bibi peke yake. Fomu ya mahakama itataka asili moja, na msimamizi aliandika 504 bila mtu kunung'unika. Lakini kuanza na 504 mbele ya watu wenye msiba ni kuwaonyesha jengo bila ngazi.

Jambo la kucheleweshwa nalo likaonekana lenyewe. Nyumba ingegawanywa bibi akiwa hai, angepewa chake mkononi. Kwa kuwa haikugawanywa, alipofariki wamiliki wa nyumba waliongezeka. Akifariki mwingine kabla ya mgawanyo, kisahani chake kitafungiwa nyuzi mpya na itatafutwa punje ndogo kuliko choroko. Ziko nyumba mjini Tanga ambazo vizazi vitatu vimekaa bila mgawanyo, na punje zake sasa ni mchele.

Visoda ndani ya kuta

Sehemu ya fedha ilifanywa baada ya chakula, kwa makusudi. Mali yote ilithaminishwa Sh 92,000,000: nyumba milioni 78, shamba milioni 12, pikipiki na fedha taslimu milioni 2. Kwa kisoda cha 500,000 hiyo ni 156, 24 na 4, jumla 184.

Visoda vya nyumba vilipangwa juu ya ramani, uso chini. Kila fremu ilipata 40, kila chumba 14, uwani na kilichomo 20. Shamba lilikuwa limeshapata mnunuzi kwa bei hiyohiyo, jirani wa shamba, kwa hiyo visoda vyake 24 viligeuzwa uso juu pamoja na vile 4 vya fedha na pikipiki. Uso juu ni kitu kinachoweza kutoka mlangoni. Uso chini ni kilichomo ndani ya ukuta.

Kabla ya warithi kugusa, yakatoka yanayotangulia. Gharama za mazishi alizozitanguliza mtoto mkubwa 1,200,000. Mkopo wa chama cha akiba 3,800,000. Mahari ambayo marehemu hakuwa amemalizia, 1,000,000, na hili ni deni ambalo mke alimdai mumewe, halihusiani na thumni yake. Wajane wengi huona haya kulitaja. Wasia kwa msikiti 2,000,000, ambao uko chini sana ya theluthi na haumwendei mrithi. Jumla milioni 8, visoda 16, vyote kutoka upande wa uso juu. Visoda hivyo havikurudishwa mfukoni. Viliwekwa kwenye mafungu manne yenye majina, ili baadaye mtu asiseme zilipotea.

Vikabaki 168: 12 uso juu, 156 uso chini. Kwa mzunguko wa namba zetu, mbegu moja ya ukwaju ikalingana na kisoda kimoja. Katika maisha haitokei hivyo mara nyingi; hugawanya thamani kwa idadi ya mbegu na kuandika bei ya mbegu ubaoni.

Hapo ndipo mtoto wa pili wa kiume alipojaribu kujichagulia. Alikuwa na 34, akataka fremu. Fremu ni 40. Akatafuta mdogo wake wa kike amkopeshe 6, yeye akabaki na 11, na chumba ni 14. Mama yao akaweka 21 kwenye chumba anacholala, zikazidi 7 ambazo hakuna kipande cha ukuta cha kuzibeba. Walichezea mipango hiyo muda mrefu, na waliachwa wachezee. Mipango iliyoshindikana mkekani haikumgharimu mtu kitu, wakati kuijaribu kwa fundi na tofali kungegharimu. Mwishowe walikubali wenyewe kwamba nyumba hii haikatiki bila kuharibika, na njia zilizobaki ni tatu: kuuza yote, mmoja kuwanunua wengine, au kuibakiza na kugawana kodi.

Mtego wa vifaa hivi uko hapa. Punje zinamfanya mtu aamini kila kitu kinagawika, kwa kuwa punje zinagawika. Bila visoda vilivyolala uso chini, kikao kingefunga kwa furaha na kugundua baada ya wiki kwamba mafungu mazuri yamekwama kwenye korido.

Kodi na njiti

Fremu mbili zinalipa 108,000 kila moja kwa mwezi, vyumba vitatu vya wapangaji 40,000 kila kimoja. Jumla 336,000, ambayo kwa mbegu 168 ni Sh 2,000 kwa mbegu kila mwezi. Mbegu hazina muda ndani yake, ndipo zikaja njiti: mwezi mmoja, njiti moja.

Fungu la bibi lilikuwa mbegu 28, milioni 14. Shangazi alitaka chake chote kwa mkupuo, ana safari ya matibabu. Ami alikuwa radhi kungoja. Fedha taslimu ilikuwa visoda 12, milioni 6. Shangazi akapewa 4,666,667, zilizobaki 1,333,333 akachukua ami, akawa anadai 8,000,000. Zikapangwa njiti: kodi ya fremu zote mbili, 216,000 kwa mwezi, inamaliza deni hilo kwa njiti 37, na kinachosalia ni Sh 8,000. Sheikh akaeleza kwamba mrithi kutoka kwenye mali kwa malipo ya makubaliano kunajulikana, ni takharuji, mradi pande zote ziridhie na kiasi kisipande kwa sababu ya kungoja. Kodi ya vyumba, 120,000, watoto wote watano walimwachia mama yao kwa miezi hiyo 37. Kwa hesabu fungu lake katika kodi hiyo, baada ya sehemu za bibi kutoka, lingekuwa 18,000. Hilo lilikuwa hiari, likaandikwa kama hiari, na binti wa Mombasa alituma ridhaa yake kwa maandishi yenye sahihi, maana neno la kwenye simu halishiki mahakamani kama karatasi.

Picha za mkeka zilipigwa kwa kumbukumbu ya familia tu. Kilichopelekwa mahakamani ni muhtasari uliosainiwa na fomu zilizojazwa. Visahani vyenyewe viliachwa kabatini na mbegu zake mpaka mahakama ipokee hesabu, endapo mtu angetaka kuhesabu upya.

Kisahani cha maswali

Vilibaki vipande viwili. Cha kwanza: kodi ya miezi 11 aliyopokea mtoto mkubwa, 3,696,000. Alisema aliezeka upya bati za nyuma, na risiti zake zilifika 2,016,000. Zikabaki 1,680,000, Sh 10,000 kwa kila mbegu. Fungu lake mwenyewe ni 340,000, kwa hiyo anadaiwa 1,340,000, zikiwemo 280,000 za upande wa bibi. Akapewa njiti nne.

Kipande cha pili hakikumalizika. Chumba cha uwani kilijengwa na mtoto wa pili wa kiume kwa fedha zake, baba akiwa hai. Ana risiti za saruji na nondo, hana maandishi yoyote ya makubaliano na baba. Kama ilikuwa zawadi kwa baba, chumba ni mali ya mirathi. Kama lilikuwa deni au chake, visoda 8 vinatoka kwenye ile 20 ya uwani kabla ya mgawanyo. Hakuna punje inayojua marehemu alinuia nini. Walichoweza kufanya ni kupima uzito wa swali lenyewe: chumba ni milioni 4, na likiamuliwa kwa faida ya mjenzi, fungu lote la bibi linashuka kwa 666,667. Sehemu ya shangazi hapo ni 222,222, naye aliandika kwamba atairudisha ikibidi. Sehemu ya ami ni 444,444, karibu kodi ya fremu ya miezi miwili, hivyo njiti mbili za mwisho kati ya zile 37 zilivunjwa katikati na kulazwa kwenye kisahani cha maswali pamoja na kipande cha kadibodi. Mjenzi amepewa muda wa kuleta mashahidi, fundi wa wakati ule akiwa wa kwanza kwenye orodha.